Nani Alitumia Muhuri Wangu

4 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Salamu za mama zimetangulia, zangu zinafuata nyuma kwa adabu. Jicho lake la kulia limepona. Bandeji ilipotoka, neno la kwanza alilosema ni kwamba nimekonda, la pili kwamba pazia la sebuleni halijafuliwa, kwa hiyo ujue anaona vizuri kuliko tulivyotaka. Alinuna kidogo kwa sababu hukupiga simu siku ya upasuaji. Nikakutetea, nikasema mwanao yuko kazini. Wifi yangu anaendeleaje na mimba? Mwambie miguu ikivimba aiweke juu ya mto, asijitie ushujaa.

Unajua kwa nini naandika kwa kalamu. Tangu tulipoanza Bawabu, hii programu yetu ya kulinda mitandao, tuliapizana kwamba habari za mihuri yetu ya kidijitali ya kuidhinishia mabadiliko hazipiti kwenye simu wala kwenye kompyuta. Ni karatasi au uso kwa uso. Wewe uko huko, mimi niko huku, basi ni karatasi.

Wiki iliyopita fundi wa eksirei aliingia kwenye chumba changu cha mitambo hapa hospitalini amevimba kwa hasira. Picha zake zinachelewa kufika wodini na daktari wa mifupa anamgombeza yeye. Nikachomeka kompyuta ya kusikilizia kwenye waya wa mtandao. Tatizo lake lilikuwa kifaa kimoja cha kuunganishia kilichochakaa, nikabadilisha, akaenda zake anapiga mluzi. Lakini nilipokuwa nasikiliza niliona jambo jingine. Mashine yetu ya langoni, ile ambayo Bawabu anailinda, inatuma vifurushi vidogo vya data nje, kwenye anwani nisiyoijua.

Nikafungua orodha ya sheria. Wewe ndiye uliyeandika mstari wake wa kwanza: kisichoruhusiwa hakipiti. Hakuna sheria iliyoiruhusu anwani ile, na bado vifurushi vinapita kama vimelipiwa nauli.

Nikaingia kwenye msimbo wenyewe. Kuna sheria imewekwa pembeni, inafanya kazi lakini haionyeshwi kwenye orodha. Imekuja na toleo la mwezi uliopita, toleo nililolisakinisha mimi kwa mikono yangu kwa sababu niliona lina mihuri miwili, kama tulivyokubaliana kwamba hakuna badiliko linaloingia bila macho ya watu wawili. Muhuri wa kwanza ni wako. Wa pili ni wangu.

Kobe, tarehe iliyogongwa pale ni siku ya upasuaji wa mama. Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, mkoba wake mapajani, simu nimezima kama bango linavyoagiza. Sikugusa kompyuta yoyote.

Muhuri wangu una nakala moja tu nje ya droo yangu, na nakala hiyo unayo wewe. Wako ninao mimi. Tulibadilishana kama ndugu wanavyoachiana ufunguo wa akiba, ili mmoja wetu akifikwa na jambo mradi usife naye.

Nakuuliza kwa upole, na upole wangu unaujua hauna kina: nani alitumia muhuri wangu?

Dada yako


9 Machi

Shikamoo dada,

Usinune kwa kuchelewa, barua yako ililala posta, na mimi nikalala nayo mezani kidogo. Jina la Kobe mlinipa wenyewe. Mwambie mama nimefurahi sana kwa jicho lake, na pazia ulifue. Wifi yako hajambo, miguu inavimba kweli, na ukimwambia habari ya mto anakujibu kwamba kitanda hakina nafasi kwa sababu yangu. Paa letu linavuja upande wa jikoni. Tumeweka sufuria tatu, kila moja na sauti yake, ukilala hapa utadhani kuna watu wanajifunza ngoma.

Habari kubwa nilitaka nikuambie tukionana, lakini haya. Ile kampuni iliyokuwa inatufuatafuata imenichukua. Mimi sasa ni mlezi mkuu wa Bawabu, kazi ya kudumu, ofisi ina kiti kinachozunguka na mashine ya kahawa inayozungumza. Wanasema wanaupenda mradi. Watauweka chini ya bawa lao, na utabaki huria, msimbo wazi kwa kila mtu, kama ulivyo. Dada, tumekitengeneza kitu sisi wawili kwenye meza ya kulia chakula, leo watu wazima wenye suti wanakikalia vikao! Mama angejua angeruka.

Kuhusu lile uliloona, usijipe presha. Ni takwimu za matumizi tu. Kila kampuni inafanya hivyo. Hazina jina la mgonjwa hata mmoja.

Fikiria kuja kututembelea mtoto akizaliwa. Tutakutilia godoro mahali pasipovuja.

Mdogo wako,
Kobe


15 Machi

Kobe,

Marahaba. Mama hajambo. Nimemwambia una kazi mpya, akapiga vigelegele hadi jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Umeandika kurasa tatu. Paa lipo, sufuria zipo, kiti kinachozunguka kipo. Swali langu hukuligusa hata kwa ncha ya kidole. Ulikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, ukivunja kitu unaanza kusimulia habari za shule.

Takwimu za matumizi! Nimezifungua hizo takwimu zako, nimekaa nazo siku nzima. Kila mashine ya hospitali hii imo humo kwa jina lake, na mashine zetu zinaitwa kwa kazi zake: benki ya damu, famasi, wodi ya watoto, chumba cha kujifungulia. Kisha imeandikwa mashine ipi inafungua mlango wa mashine ipi. Usinifanye mtoto. Jina la mgonjwa mtu hulihitaji la nini, kama ameshapewa ramani ya nyumba nzima, tena imechorwa vizuri?

Na mwenye hospitali haoni. Hilo ndilo linalonipandisha damu kichwani. Ungeiweka ile sheria kwenye orodha, mtu akaisoma, akaamua mwenyewe kuifuta au kuiacha, ningekuita mpumbavu nikaendelea na shughuli zangu. Lakini umeificha. Watu wanamweka Bawabu langoni kwa sababu anaandika kila anayempitisha. Tulikitengeneza chombo hiki kwa ajili ya fundi mmoja aliye peke yake kwenye jengo kubwa, asiyejua lugha za mashine, ili aandike kwa maneno ya kawaida nani aingie nani atoke, na Bawabu ageuze maneno yake kuwa sheria za ukuta wa moto, ule ulinzi wa mtandao. Huyo fundi anaamini anachosomewa. Sasa Bawabu anamdanganya mwenye nyumba mchana kweupe, na jina langu liko chini ya uongo huo!

Hapa kwetu nimeliondoa toleo hilo, nimerudisha la zamani. Wengine hawajui. Shule zipo, maktaba zipo, zahanati zipo.

Nauliza tena. Nani alitumia muhuri wangu?

Dada yako


20 Aprili

Shikamoo dada,

Wifi yako alilazwa siku mbili, shinikizo la damu, sasa yuko nyumbani na amekatazwa kupanda ngazi. Ndiyo maana nimechelewa, safari hii sina utani.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Unaniandikia kama mwizi wa kuku. Basi na mimi niseme yangu, maana mwenye nguvu mpishe lakini mdomo anao kila mtu.

Uliponiachia Bawabu hukuniambia unaniachia. Ulipata kazi ya hospitali, ukasema tutaendelea kama kawaida. Kawaida ipi? Nikikutumia badiliko ulitie jicho la pili, unakaa nalo wiki, unakaa nalo mwezi, kama kuku aliyeatamia mawe. Mimi huku nakesha na watu. Unajua wananiandikiaje? "Wewe mzembe, hospitali yetu imekwama." "Kama huwezi, waachie wanaume." Mmoja alinitakia ugonjwa. Watu ambao hawajawahi kunipa hata asante, wanatumia kazi yangu bure kabisa, kisha wananitukana kwamba nimechelewa kuwahudumia! Nikikueleza unanijibu "pole, kesho nitaangalia." Kesho yako haina jua.

Kampuni ilikuja nikiwa nimechoka kabisa. Ni watu wa kwanza kuniuliza nimekula. Sasa dada yangu anayeshinda na fundi wa eksirei anataka kunifundisha maadili.

Na huo muhuri unaoulilia, muhuri ni wa mradi, si wa mtu. Tulibadilishana ili kazi isikwame. Kazi ilikuwa imekwama.

Nipe muda. Nimeongea na wakubwa, wanasema toleo lijalo wataifikiria ile sheria. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bora hawa ninaokaa nao meza moja kuliko mradi ufe.

Kobe


27 Aprili

Kobe,

Pole kwa wifi. Mama anasema asile chumvi, na nimemtumia vitenge viwili vya kumbebea mtoto, viko kwa dereva wa basi, vifuate kituoni, usiwe kobe na hapo.

Matusi yale sikuyajua yote. Kuchelewa nilichelewa kweli, na kama ungeniandikia barua ya kunitukana kwa hilo ningeipokea. Lakini mtu akichelewa kukufungulia mlango, humuibii ufunguo ukaandika kwamba amefungua yeye. Wacha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Muhuri ni wa mradi!" Muhuri una jina langu. Hauna jina la meza wala la kiti chako kinachozunguka.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mkurugenzi wa hospitali aliniita. Nilikuwa nimeshamripotia jambo lenyewe, maana ni wajibu wangu, nikadhani ananiita kunishukuru. Akageuza kompyuta yake nione. Amefungua ukurasa wa Bawabu, pale panapoonyesha nani aliidhinisha nini. Akaweka kidole kwenye jina langu. "Huyu ni nani?" Nikasema ni mimi. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyefungua mlango, na wewe ndiye unayetuletea habari kwamba mlango uko wazi?" Nikasema sikuidhinisha mimi. "Basi nani?"

Kobe, nilinyamaza. Mimi! Nilisimama mbele ya yule baba mdomo wazi kama mtoto aliyekojoa kitandani, kwa sababu jibu lilikuwa wewe na ulimi ulikataa. Amechukua funguo za chumba cha mitambo mpaka nitakapompa maelezo. Nimewekwa ofisi ya kumbukumbu, nafunga mafaili kwa kamba. Fundi wa eksirei akinipita koridoni anatazama viatu vyake. Kijana aliyewekwa badala yangu jana amekata mtandao wa famasi nusu siku, na watu walisimama foleni na vyeti vyao vya dawa, wengine wagonjwa hasa.

Mama ameshajua. Wifi alimpigia simu akilia, akamwambia nataka kumfukuzisha mumewe kazi na mimba iko hivyo. Mama akanikalisha. Akasema damu ni damu, yamalizeni ndani. Nikamwambia mama, jambo hili haliko ndani, liko kwenye majengo ya watu. Akasema, "Yule ni mdogo wako." Nikamwambia ndiyo maana nimesubiri tangu Februari, angekuwa mtu baki nisingesubiri mpaka chai ipoe. Hatusemeshani vizuri tangu siku hiyo, tunapitishiana chumvi kimyakimya.

Nakupa hadi katikati ya mwezi ujao. Waambie watumiaji wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwenye ukurasa ule ule: kuna sheria imefichwa, liondoeni toleo, na muhuri wa pili hakuutumia mwenye muhuri. Maneno hayo tu. Kazi yako uiokoe au usiiokoe, hiyo ni juu yako na wakubwa zako. Usiposema, nitasema.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Mimi. Ni mimi niliyeutumia. Umeridhika?

Kampuni ilinipa tarehe. Toleo litoke na ile sheria ndani kabla ya kikao chao, au wanachukua chombo kingine na mimi nabaki na matusi yangu. Nilijua uko hospitalini na mama. Nilikaa na muhuri wako mbele yangu muda mrefu. Unaniuliza kwa nini sikukupigia? Ningekupigia ungekataa. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza. Haya, umelipata ulilolitaka, litafune.

Nakuomba kitu kimoja tu, usimwonyeshe mtu barua hii, ichome. Na usiandike chochote kwenye ukurasa. Mtoto anakaribia. Subiri azaliwe. Ukiniwahi nitakuwa baba asiye na kazi mbele ya wakwe. Wewe una mshahara wako, hata wa kufunga mafaili ni mshahara.

Kwenye ukurasa sitaandika, siwezi. Kila nikianza naona vile watakavyonirukia, wale wale walionitukana bila kosa, sasa wanapewa na kosa.

Vitenge tumevipata. Asante.

K.


18 Mei

Kobe,

Barua yako sikumwonyesha mtu na sijaichoma. Iko nami.

Jana nimeandika kwenye ukurasa wa mradi. Nakuandikia na wewe ili usiseme ulisikia kwa watu. Nimeandika hivi: "Toleo la Januari lina sheria inayopeleka ramani ya mtandao wako kwa kampuni, na sheria hiyo haionyeshwi kwenye orodha. Liondoe leo. Muhuri wa pili ni wangu lakini hakuutumia mkono wangu. Uliutumia mkono wa mlezi mwenzangu, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nilimpa mwenyewe nakala ya muhuri. Nimeifuta mihuri yote miwili. Hakuna toleo jingine la Bawabu litakalotoka na jina langu."

Niliandika "mdogo wangu" nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikaacha. Watu wanastahili kujua ule mfumo wetu wa macho mawili ulivunjikaje. Tulijenga chombo kisichomwamini mtu yeyote duniani, kisha sisi wawili tukapeana funguo kama watoto wanaopeana karanga. Nani angefanya kosa la kijinga namna hiyo isipokuwa ndugu?

Nimechukua toleo la mwisho lililo safi. Leseni yetu huria inaniruhusu mimi na inamruhusu yeyote, kampuni haina la kusema, ingawa wakili wao ameshapiga simu hapa mara mbili na sauti ya kubembeleza. Nimelipa jina jipya, Komeo. Tumekaa watu wanne kuliangalia: fundi wa chuo kimoja, mama mmoja wa maktaba, kijana wa zahanati, na mimi. Hakuna anayeshika muhuri wa mwenzake. Akifa mtu, tutahangaika, tutatengeneza mwingine. Bora tuhangaike.

Uliandika ulijua ningekataa. Maneno hayo nimeyarudia mpaka nikikoroga chai nayasikia. Kwa hiyo hukutumia muhuri wangu kwa sababu nilichelewa kujibu. Ulishajua jibu, ukaligeuza. Ulinifanya niseme ndiyo, mimi niliyekaa kwenye benchi namsubiri mama yako.

Mkurugenzi amenirudishia funguo leo asubuhi. Hakusema pole. Alisema, "Kumbe ni ndugu yako," akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko yale mafaili.

Mama anakusalimia. Mimi sina salamu.


30 Juni

Dada,

Mtoto amezaliwa. Ni wa kike. Ana wiki tatu. Hukuambiwa kwa sababu nilikataza usiambiwe, na mama nilimwomba anyamaze, akanyamaza. Kwa hiyo wewe ni shangazi siku zote hizo bila kujua. Sasa umeonja jambo la nyumbani kwako kuamuliwa bila wewe. Tamu?

Kampuni imeniachisha. Walisema hawawezi kukaa na mtu aliyeghushi idhini. Wao walioniandikia tarehe! Wameandika kwenye ukurasa kwamba "wamesikitishwa na kitendo cha mfanyakazi mmoja." Mfanyakazi mmoja. Ile sheria waliitunga wao, mimi niliipitisha, na leo wao wana masikitiko na mimi nina aibu. Matoleo yajayo wanayafunga, msimbo hauonekani tena. Kile walichoniapia kwamba kitabaki huria. Walinivika kilemba cha ukoka nami nikatembea nacho mjini.

Walionitukana wamenitukana, walikuwa wananingoja. Nimezima kompyuta. Nashinda nampakata mtoto, na paa limezibwa. Nimelipanda mwenyewe, kazi hiyo haina jicho la pili, ukikosea unalowa.

Wifi yako hataki kusikia jina lako. Mimi nalisikia kila siku, kwa sababu mama ameomba mtoto apewe jina lako na wifi yako amekubali mama akiwa kwenye simu, kisha akalia jikoni. Sikuingilia.

Usinijibu kwa maneno ya busara. Nimeshiba.

Kobe


22 Agosti

Kobe,

Mtoto wako wiki tatu, nami sijui! Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama, nikakaa. Nikaenda chumbani kwa mama nikamuuliza ulijua? Akasema, "Nilijua." Nikatupa kikombe. Kimevunjika, kile cha maua ya bluu. Mama akafagia vipande, na mimi nikamwachia afagie, mtu mzima na jicho lake jipya. Kwa hiyo ulinipata barabara. Kama ulitaka niumie, pumzika, nimeumia, na naomba usinifanyie tena kwa mtoto, mimi nifanyie mimi. Nimetuma nguo. Mwambie wifi si lazima anipende, lakini zile soksi ni za sufu, zisioshwe kwa maji ya moto.

Sasa la Komeo.

Wiki hii limekuja badiliko. Limeletwa na mtu asiye na jina, amejiandikisha kwa tarakimu tupu, hana historia, hajawahi kuleta kitu kwetu. Badiliko lenyewe ni dogo. Linafanya hivi: kabla sheria yoyote haijaanza kazi, chombo kinahesabu sheria zilizo kwenye mashine, kinahesabu zilizo kwenye orodha anayoonyeshwa mwenye nyumba, na hesabu zikipishana hata kwa moja, kinagoma na kumpigia kelele. Hakuna anayeweza kuficha sheria tena, awe kampuni, awe mlezi, awe mimi.

Yule mama wa maktaba alisema ni kazi nzuri kuliko zote tulizoletewa. Yeye, fundi wa chuo na kijana wa zahanati walishaweka mihuri yao. Ukabaki wangu.

Nikausoma msimbo mstari kwa mstari. Kwenye maelezo ya pembeni, pale ambapo chombo kinagoma, mwandishi ameandika: "Hapa bawabu anamwamsha mwenye nyumba hata kama amelala na sufuria tatu." Nani mwingine duniani anaandika upuuzi wa namna hiyo katikati ya msimbo? Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha mitambo, kisha nikakasirika vibaya sana, nikatoka nje nikazunguka jengo zima.

Nimelikataa. Si bovu, sikuona kosa hata moja, na nililitafuta kwa bidii maana nilitamani liwepo. Nimelikataa kwa sababu halina mwenyewe. Januari uliniweka mahali ambapo sikuwapo. Agosti umekuja mwenyewe, kwa miguu yako, ukajitoa. Na wale watu watatu wanaweka mihuri yao kwa mgeni asiye na uso, kama vile hatukujifunza kitu! Nimewaambia mlango huu haupitwi na mtu aliyejifunika shuka.

Muhuri usiuombe, sitakupa. Si mwaka huu, pengine si kamwe. Kukusamehe pia sijakusamehe, na mama asikudanganye kwenye simu kwamba nimelainika. Utapanga foleni kama mwanafunzi mmoja anayetuletea masahihisho ya tahajia. Nitasoma kila mstari wako mara mbili, na mbele ya wenzangu nitauliza maswali ambayo mtu mwingine nisingemuuliza. Watakutukana. Wakikutukana pasipo haki nitawajibu mimi, wakikutukana kwa haki utakaa kimya na utaendelea na kazi.

Futa zile tarakimu. Andika jina lako kamili, ulilopewa na baba, ulete badiliko upya. Nimeacha nafasi ya muhuri wangu wazi.

Shangazi wa mtoto